Dark Shadows: Muuaji aliyependwa na mwalimu mwema aliyechokesha watu

Tarehe 27 mwezi wa sita mwaka 1966, televizyo ABC ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo mpya wa kila siku, jina lake Dark Shadows. Ulipita nusu saa kila siku ya kazi, wakati wanafunzi wako wanatoka ku masomo. Ulikwisha tarehe 2 mwezi wa ine mwaka 1971, ukiwa na epizodi 1225.

Kwa mtu anayezoea telenovela zinazopita ku televizyo kwa Kifaransa, kiini cha mchezo huu si kigeni. Kuko familia ya matajiri, watu wa Collins. Kuko jumba kubwa, Collinwood, juu ya mlima karibu na bahari, mu mji wa kutunga wa Collinsport, jimbo la Maine. Kuko siri za zamani, mapenzi yaliyokatazwa, mlango ambao hakuna mtu anapaswa kufungua. Tofauti ilikuja mu mwezi wa ine mwaka 1967: sanduku la maiti lilifunguliwa ku makaburi, na vampiri akatoka. Vampiri, mu hadisi za Wazungu, ni mtu aliyekufa lakini anaamka usiku kwa kunyonya damu ya wazima. Wengi wetu tuliomfahamu kupitia filme ya mwaka 2012, ile ya Tim Burton na Johnny Depp, tuliona tu mkia wa hadisi hii ndefu.

Mpaka leo, watu waliofuata Dark Shadows wanabishana juu ya jambo moja: nani alikuwa wa kupendwa na nani alikuwa wa kuchokesha. Ubishi huo una maana kuliko unavyofikiri, juu waandikaji walikuwa wamepanga mambo kwa njia moja na watazamaji wakayageuza.

Mwalimu ambaye hakuelewa

Mtu wa kwanza tunayeona ku Dark Shadows ni Victoria Winters. Ni msichana aliyelelewa mu nyumba ya mayatima. Hajui baba wala mama yake. Anapanda treni kwenda Collinwood kufundisha mtoto mmoja, David Collins, na mu moyo anatumaini kwamba kule atajua yeye ni mtoto wa nani. Dan Curtis, aliyeanzisha mchezo, alisema wazo lilimujia ku ndoto: msichana peke yake mu treni.

Victoria ndiye alipaswa kupendwa. Alexandra Moltke, aliyemucheza, alikuwa na sura ya upole, na sauti yake ndiyo ilifungua epizodi nyingi za mwanzo. Na ukitazama mwaka ule wa kwanza vizuri, utaona Victoria hakuwa mjinga hata kidogo. Wakati Laura, mama ya David, alirudi kuchukua mtoto wake (na kumbe Laura hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa anakufa mu moto na kuzaliwa tena, na alitaka kuingia mu moto pamoja na mtoto), ni Victoria aliyetafuta ukweli, akauliza watu, akaunganisha mambo. Mwisho wake nyumba ndogo ikiwaka, ni yeye aliyemwita David mpaka akatoka. Mwalimu alishinda mama mzima wa moto.

Kisha Barnabas Collins akafika. Na hapa ndipo Victoria aliharibika.

Barnabas alijionyesha ku familia kama ndugu yao kutoka Uingereza. Alifanana kabisa na picha ya babu wa zamani iliyotundikwa ukutani, tena alionekana usiku tu. Mtu mwenye akili alipaswa kushangaa. Lakini kama Victoria angefunua siri, mchezo ungekwisha. Basi waandikaji wakamuzuia kuelewa. Yule yule aliyemfunua Laura, sasa alipokea zawadi ya kisanduku cha muziki kutoka kwa Barnabas na kumuona kama bwana wa heshima. Rafiki yake Burke Devlin alipoanza kumshuku Barnabas, Victoria hakufurahi. Nyuma Burke alikufa, ndege yake ikaanguka Brazil. Kila siku Victoria alisema haelewi. Maneno hayo, kwamba haelewi, ndiyo watazamaji wanamkumbuka nayo, na wengi bado wanayasema kwa kumcheka.

Ilikuwa mbaya zaidi mwisho wa mwaka 1967. Kupitia kikao cha kuita mizimu, Victoria alitupwa mpaka mwaka 1795, akiwa na kitabu cha historia ya familia ya Collins mkononi. Alijua nani atakufa na lini. Badala ya kunyamaza, alisema mambo ambayo hayajafika bado, mbele ya watu waliokuwa wanatafuta mlozi. Ile kitabu ikawa ushahidi juu yake, na akahukumiwa kunyongwa. Mpaka leo kuko wanaopiga kelele mbele ya televizyo: mama, nyamaza!

Lakini kosa la nani? Mwandikaji ndiye alimuwekea kitabu mkononi.

Muuaji ambaye alipaswa kukaa juma chache

Barnabas hakuletwa ili apendwe. Mchezo ulikuwa karibu kufungwa juu watazamaji walikuwa kidogo, na Curtis alitaka kujaribu jambo la nguvu: alete vampiri, atishe watu kwa muda, kisha wamupige mti wa ncha mu kifua na hadisi iendelee. Jonathan Frid, aliyechaguliwa kumucheza, alikuwa Mkanada wa miaka 42, mtu wa theatre, ambaye alikuwa anajitayarisha kwenda kufundisha. Alikubali juu kazi ilikuwa ya muda mfupi.

Na Barnabas wa mwezi wa ine 1967 ni mbaya kweli. Willie Loomis, mhuni aliyeenda kuiba mapambo ya zamani ku makaburi, ndiye alifungua sanduku. Barnabas akamfanya mtumwa na kumpiga kwa fimbo. Kisha akamuiba Maggie Evans, msichana aliyefanya kazi mu restora ya oteli, akamufungia chini ya nyumba na kumwambia kwamba yeye si Maggie tena, ni Josette, mchumba wake aliyekufa karibu miaka mia mbili mbele.

Kilichotokea hakuna aliyekipanga. Barua zilianza kufika kwa wingi. Wamama walioshinda nyumbani na watoto waliotoka masomo mbio walitaka Barnabas abaki. Ile mti wa ncha haukuchongwa. Badala yake, waandikaji wakatafuta sababu ya kumhurumia, na safari ya mwaka 1795 ilikuwa ndiyo hiyo. Kule tunaona Barnabas kijana, mzima, mtoto wa tajiri, mwenye kutaka kuoa Josette wa Martinique. Lakini mbele ya hapo alikuwa amelala na Angelique, mtumishi wa Josette, na Angelique alikuwa mlozi. Alipokataliwa, Angelique aliloga. Josette akaolewa na ndugu ya baba ya Barnabas, Jeremiah. Jeremiah akauawa na Barnabas mu pigano la bastola. Na mwisho Angelique mwenyewe, akipigwa risasi na Barnabas, akamlaani asife, abaki kati ya kufa na kuishi. Nyuma ya miezi ile, ilikuwa vigumu kumuona Barnabas kama mnyama. Alikuwa mtu aliyeumizwa.

Kuko jambo moja lingine lililomsaidia, na halikutoka ku kalamu ya mwandikaji. Dark Shadows ilirekodiwa karibu kama ya moja kwa moja. Kukata mikanda ya video kulikuwa kwa bei kali, basi makosa yalibaki: kivuli cha mikro juu ya ukuta, mlango usiofungika, nzi juu ya uso wa akteri, mtu wa teknike anapita nyuma. Frid alikuwa na shida ya kushika maneno yake. Macho yake yalienda kutafuta karatasi ya maneno, alisitasita, alianza tena. Mtu yeyote aliyewahi kuketi mbele ya mikro na kupoteza mstari anajua sura ile. Lakini ku televizyo, kwa mtazamaji, ilikuwa sura ya mtu mwenye huzuni na haya, mwenye kutafuta neno la kweli. Woga wa akteri ukawa majuto ya vampiri.

Maggie alisahauliwa

Sasa tufike ku upande ambao mashabiki wa Barnabas hawapendi kukaa juu yake.

Maggie alitoroka. Sarah, mzimu wa dada mdogo wa Barnabas, alimuonyesha njia ya kutoka mu kifungo kwa kitendawili. Maggie alionekana ku fukwe, akili imevurugika. Munganga Dave Woodard, kwa kumlinda, akatangaza kwamba amekufa, akamficha mu hospitali ya wagonjwa wa akili, mikononi mwa munganga mwanamke, Julia Hoffman. Julia alikuwa na ujuzi wa kumulaza mtu usingizi wa akili na kumfanya akumbuke. Kidogo kidogo Maggie akaanza kukumbuka yote.

Lakini Julia alipogundua kwamba Barnabas ni vampiri, hakwenda ku polisi. Alitaka kumponyesha kwa sindano, kama ugonjwa wowote. Kwa kumlinda Barnabas, alitumia ujuzi ule ule kinyume: akafuta mu akili ya Maggie kila kitu. Aliyefungiwa, aliyeteswa, aliyemuona mtesaji wake uso kwa uso, akarudi nyumbani bila kujua. Miezi nyuma, wakati Victoria aliondoka, Maggie ndiye alichukua kazi ya kufundisha mu Collinwood, na kila siku alimsalimia Barnabas kama rafiki.

Na kosa liliwekwa juu ya nani? Willie. Barnabas aliweka pete ya Maggie mu chumba cha Willie. Willie, aliyekwenda usiku kumuonya Maggie, akapigwa risasi na polisi mbele ya nyumba, na alipoamka bila akili wote wakasema: ni yeye aliyemuiba. Akapelekwa ku hospitali ya wagonjwa wa akili. Munganga Woodard alipojua ukweli, Barnabas alimuua, na Julia, rafiki yake Woodard, alikuwa pale.

Yaani, ili Barnabas apendwe, mmoja alipaswa kusahau, mwingine kubeba kosa ambalo si lake, na wa tatu kufa juu alijua. Mchezo ulisonga mbele na watazamaji pia. Kuwa na huruma kwa mtu aliyelaaniwa si vibaya. Lakini angalia nani hakupewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana: Maggie. Hakuna aliyemuuliza kama anasamehe, juu hakujua kuna kitu cha kusamehe.

Kathryn Leigh Scott, aliyecheza Maggie, alicheza Josette pia mu 1795. Uso mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyefungiwa na wa mwanamke aliyependwa, na watazamaji walibaki na ule wa pili.

Julia, na siri ya kupendwa

Julia Hoffman naye aliletwa kwa muda mfupi. Grayson Hall, aliyemucheza, alikuwa amewahi kuwekwa mu orodha ya Oscar kwa filme ya mwaka 1964, The Night of the Iguana. Bwana yake, Sam Hall, alikuja kuwa mmoja wa waandikaji wa mchezo. Julia anadanganya, anasoma barua za watu, anasaidia muuaji, tena anampenda mwanaume ambaye hamtazami. Ukiorodhesha matendo yake, unamchukia. Na hata vile, ni mmoja kati ya wanaopendwa zaidi mu Dark Shadows yote.

Sababu ni rahisi ukiiona. Mtazamaji anajua tangu mwanzo vampiri ni nani. Mtu wa ndani ya mchezo anayejua pia anakuwa rafiki yake: wanaangaliana, wanafichiana siri. Asiyejua anakuwa mpumbavu, hata kama ni mwema kuliko wote. Julia anajua. Willie anajua. David, mtoto yule aliyeanza kwa kuharibu breki za gari ili baba yake afe, anajua mbele ya wakubwa, na hakuna anayemsadiki. Mtoto wa kuudhi wa 1966 akawa mtoto wa kuhurumiwa wa 1967. Victoria hajui. Wema wake hauwezi kumsaidia.

Mwenye kuchukiwa kwa furaha

Kuko pia aina ya tatu, ile ya mtu wa kuudhi ambaye watazamaji wanangoja arudi. Mchungaji Trask wa mwaka 1795, aliyechezwa na Jerry Lacy, anapiga kelele, anaapa, anashika mtu asiye na kosa na kumuita mlozi, wakati mlozi wa kweli, Angelique, anasimama pembeni akimtazama. Kila neno la Victoria kwake ni alama ya ulozi. Hata kunyamaza ni alama. Trask hana shaka hata siku moja, na ni hiyo inatisha zaidi kuliko meno ya Barnabas. Barnabas alimujengea ukuta wa matofali akiwa mzima, na ni mmoja kati ya mauaji ambayo mashabiki wanasimulia bila haya. Watu walimpenda Lacy hivi kwamba alirudishwa mu hadisi ya mwaka 1897 kama Trask mwingine, Gregory, mwenye masomo ya watoto. Huyu wa pili hapigi kelele sana. Ni mnafiki baridi, na wengine wanamuona mbaya kuliko wa kwanza.

Roger Collins, baba ya David, alitembea njia nyingine. Alianza kama mtu mbaya wa mchezo, na Louis Edmonds alimucheza kwa utani mkavu hivi kwamba ubaya ukatoka wenyewe, akabaki mjomba wa maneno makali na chupa ya pombe. Watu walizoea kumcheka, kisha kumpenda.

Wa kuchokesha kabisa? Wengi watakutajia Adam, yule mtu aliyeundwa kwa viungo vya maiti mwaka 1968. Hadisi yake ilivutwa kama kamba. Na Jason McGuire wa mbele ya hapo, aliyemtisha Elizabeth, mama wa nyumba, miezi na miezi, akisema kwamba bwana yake amezikwa chini ya sakafu na ni yeye aliyemuua. Elizabeth hakuwa ametoka Collinwood miaka 18 kwa woga ule. Kumbe bwana hakukufa. Jason alipofungua sanduku la Barnabas na mkono ukamshika shingo, hakuna aliyelia. Wajanja wale: wakamwacha Barnabas amuue kwanza mtu ambaye wote walitaka aende.

Quentin, na mwisho

Mwisho wa mwaka 1968 mzimu ulionekana mu chumba kilichofungwa: kijana mrefu mwenye ndevu za pembeni, David Selby, bila kusema neno hata moja juma na juma. Barua zikaja tena. Quentin Collins akapewa sauti, akapewa mwaka 1897 mzima, akageuka mbwa mwitu usiku wa mwezi mzima. Wimbo wake bila maneno ukapanda mpaka nafasi ya 13 mu orodha ya nyimbo ya Billboard mwaka 1969. Alikuwa mlevi, mdanganyifu, mwenye kuua bibi yake. Walimpenda.

Victoria alikuwa amekwisha kwenda. Moltke aliondoka mwaka 1968 akiwa na mimba, wengine wawili wakajaribu nafasi yake kwa muda mfupi, kisha Victoria akarudishwa mu wakati wa zamani na kuachwa kule. Swali alilopanda nalo treni siku ya kwanza, mama yake ni nani, halikujibiwa. Watu wengi wanasema ni Elizabeth, na mchezo ulitoa alama za hiyo, lakini hakuna epizodi inayolisema.

Nyuma ya 1897 waandikaji walileta watu wa Leviathan, nguvu za zamani zilizomtawala Barnabas na kumfanya baridi tena. Watazamaji walikasirika, na hesabu yao ikaanza kushuka. Frid mwenyewe alichoka na meno. Mu hadisi ya mwisho, ya mwaka 1841, alikataa kuwa vampiri, akacheza mtu mzima wa kawaida, Bramwell.

Ku epizodi ya mwisho kabisa, mwanamke mmoja anaonekana na alama za meno ku shingo. Wote wanaogopa. Kisha sauti ya akteri Thayer David inaeleza yaliyofuata, na inasema kwamba mu Collinwood ile hakukuwa vampiri. Aliyemuuma alikuwa mnyama.